Uhuru wa Walowezi: Istilahi za Mchezo wa Kujenga Koloni na Lugha ya Mitaa ya Mashariki ya Nairobi

Miongoni mwa michezo ya kompyuta iliyojengwa juu ya historia, ni michache iliyozua ubishi mrefu kama ule uitwao Colonization. Mchezo huu ulitolewa mwaka 1994 na kampuni ya MicroProse ya Marekani, ukiwa umebuniwa na Brian Reynolds pamoja na Sid Meier. Mchezaji huanza mwaka 1492 akiwa na merikebu na watu wachache. Huchagua kuwa upande wa Uingereza, Ufaransa, Hispania au Uholanzi. Hutia nanga katika pwani asiyoijua, hujenga makazi, hulima tumbaku, miwa na pamba, hugeuza mazao hayo kuwa sigara, ramu na nguo, kisha huyasafirisha kuyauza Ulaya. Mfalme wa nchi alikotoka humtoza kodi, na kodi hiyo hupanda kila mfalme anapojisikia. Mwisho wa safari ni tangazo la uhuru: nusu ya watu wa makazi wakishauunga mkono uasi, mchezaji aweza kujitangazia uhuru na kupigana na jeshi linaloletwa na mfalme. Akilishinda jeshi hilo, ameshinda mchezo.

Toleo jipya la mchezo huu lilitolewa na kampuni ya Firaxis mwaka 2008, nalo likajengwa juu ya mtambo wa mchezo mwingine mashuhuri, Civilization IV. Kabla ya hapo, tangu mwaka 2003, watu wa kujitolea walikuwa wamekwisha kuanza kuunda mchezo wa namna hiyo hiyo uitwao FreeCol, ambao ni programu huria: yeyote aweza kuuchukua bila malipo, kuufungua, na kuyatafsiri maneno yake kwa lugha aitakayo. Jambo hili la mwisho ndilo linaloifanya mada hii iwahusu wanaisimu. Kutafsiri mchezo wa kujenga koloni kwa Kiswahili si ndoto ya mbali. Ni kazi inayoweza kufanywa na mtu mmoja mwenye subira. Swali ni kwamba mtu huyo atatumia maneno gani, na maneno hayo yatasema nini kwa mchezaji aliyezaliwa Kaloleni, Bahati au Shauri Moyo, yaani katika mitaa ambayo yenyewe ni kazi ya mikono ya koloni.

Maoni ya wachezaji kwa jumla

Maoni ya wachezaji juu ya Colonization hayapatani, na kutopatana kwake kuna mafunzo. Wengi huusifu kwa sababu ya mfuatano wa kazi zake. Madini huchimbwa, mhunzi huyageuza kuwa zana, mfua silaha huzigeuza zana kuwa bunduki. Kila hatua huhitaji mtu wake, na mtu aliyebobea katika kazi yake huzalisha maradufu. Wachezaji wa aina hii huuona mchezo kama hesabu nzuri, na historia kwao ni nguo tu iliyovishwa hesabu hiyo.

Wengine hulalamikia kanuni. Lalamiko lililosikika sana juu ya toleo la 2008 lahusu jeshi la mfalme, ambalo hukua kadiri mchezaji anavyozidi kutoa kile kinachoitwa kengele za uhuru. Kwa hiyo mchezaji mjanja huzizuia kengele hadi karibu na mwisho, kisha huzipiga zote kwa mkupuo. Waliolalamika waliona hii ni kejeli, kwamba mchezo unaohusu kuuamsha moyo wa uhuru wamwadhibu anayeuamsha mapema. Msomaji wa historia ya Kenya huenda asione kejeli yoyote hapo.

Kundi la tatu hulalamikia ukimya. Katika toleo la 1994 wamo walowezi huru, watumishi wa mkataba na wahalifu wadogo waliohamishwa kutoka Ulaya; ipo tumbaku, ipo miwa, ipo pamba; lakini mtumwa hayumo. Mazao yaliyolimwa kwa jasho la Waafrika waliovushwa bahari yamo yote, na Waafrika wenyewe wamefutwa. Lilipotoka toleo la pili, wapo wahakiki waliosema waziwazi kwamba kumfurahisha mtu kwa kumfanya mkoloni ni jambo la kuchukiza. Watetezi nao wakajibu kwamba mchezo hausifu wala haulaani, na kwamba katika toleo la kwanza mchezaji hupunguziwa alama kwa kila kijiji cha wenyeji anachokiteketeza. Hoja hii ya alama ina uzito wake, ingawa yazua swali jingine, nalo ni bei ya kijiji kimoja. Juu ya hayo, hakuna kanuni inayomruhusu mchezaji kuwa upande wa Wainka, Wairokwoi au Watupi. Wao wamo ili wakutwe.

Maoni yote haya yamezungumzwa kwa Kiingereza na lugha nyingine za Ulaya, ambamo neno la koloni lina historia ndefu ya kutumiwa na wanaohama. Kiswahili hakikulipokea neno hilo kwa upande huo.

Mitaa iliyojengwa na mpangaji

Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli. Nchi yenyewe ilikuwa himaya hadi mwaka 1920, ilipotangazwa kuwa koloni. Ukanda wa pwani wa maili kumi, uliokuwa mali ya Sultani wa Zanzibar, ukabaki himaya. Yaani kwa sheria mtu wa Mombasa aliishi katika himaya na mtu wa Nairobi katika koloni, ingawa aliyewatawala alikuwa mmoja.

Upande wa mashariki wa mji ndio uliotengewa Waafrika. Pumwani ilifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, na huko watu waliruhusiwa kujijengea nyumba katika viwanja vya manispaa. Sehemu hiyo mpaka leo yaitwa Majengo, jina linalotokana na kitenzi jenga na linalokumbusha kwamba huko, tofauti na kwingineko, waliojenga ni wakaaji. Kijiji cha Pangani, ambacho nacho kilijengwa na wenyewe, kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na baadhi ya watu wake wakahamishiwa Shauri Moyo. Kariokor imebeba hadi leo jina la jeshi la wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza, likiwa limetamkwa kama lilivyosikika katika sikio la Mwafrika. Shirika la reli lilijenga nyumba za wafanyakazi wake Muthurwa na Makongeni. Kaloleni ilijengwa katika miaka ya 1940. Mwaka 1948 ukachapishwa mpango mkuu wa mji, uliotungwa na Thornton White, Silberman na Anderson, ambao katika anwani yake Nairobi yatajwa bila kificho kuwa mji mkuu wa koloni. Katika miaka ya 1950 ikafuata mitaa ya Mbotela na ya Ofafa, iliyopewa majina ya Tom Mbotela na Ambrose Ofafa, viongozi wa Kiafrika waliouawa wakati wa Hali ya Hatari. Baada ya 1963 ikaja mitaa kama Uhuru, Buruburu na Umoja, na mwaka 1975 mradi wa Dandora uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ambapo watu waligawiwa viwanja vyenye maji na choo, nyumba wajijengee.

Nyumba nyingi za kabla ya vita zilipangwa kwa ajili ya mwanamume mmoja mmoja, asiye na mke wala mtoto mjini. Mfanyakazi alihesabiwa kwa kitanda. Hapa pana mfanano usiotakiwa kupuuzwa na mtu anayechunguza mchezo. Katika Colonization mchezaji humshika mtu kwa kidole cha kipanya, akamweka shambani au katika karakana, na mtu huyo hana familia. Idadi ya watu huongezeka kwa wahamiaji wanaovuka bahari, na kwa kanuni kwamba chakula kikifika vipimo 200 ghalani hutokea mlowezi mpya. Mpangaji wa Nairobi ya mwaka 1930 angeielewa kanuni hiyo bila kuelezwa.

Yafaa isemwe pia kwamba michezo ya aina hii si ndiyo inayotawala katika mitaa hiyo. Katika vibanda vya michezo, ambako vijana hulipia kila mechi, kinachochezwa zaidi ni kandanda ya PlayStation. Nje ya vibanda, drafti huchezwa kwa vizibo vya soda, nayo bao ina wachezaji wake wa siku nyingi Majengo. Michezo ya kompyuta ya kujenga madola ni ya wachache zaidi, lakini ule wa 1994, kwa kuwa ulitengenezwa kwa mashine dhaifu, huendeshwa hata na kompyuta ya mitumba.

Hata jina la jambo lenyewe si moja. Mchezo ni neno pana: laingiza ngoma, kandanda, bao, utani na hata tamthilia. Gemu, neno lililotoholewa, limebana zaidi. Latumika kwa mechi na kwa kile kinachochezwa kwenye kioo. Ajabu ndogo ni kwamba wasomi wamebishana muda mrefu kama mashine iitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi, ilhali kinachochezwa ndani yake kimejipatia jina bila kikao chochote.

Mgeni, mwenyeji, mlowezi na setla

Neno la kwanza litakalomsumbua mtafsiri ni koloni lenyewe. Katika mchezo, kila kijiji kidogo anachojenga mchezaji, hata chenye watu wawili, huitwa koloni. Kwa Kiswahili koloni si kijiji. Ni nchi nzima iliyotwaliwa na kutawaliwa na nchi nyingine. Mtu hawezi kusema kwa Kiswahili kwamba ana makoloni saba katika pwani moja bila kudhaniwa kuwa ni waziri wa Uingereza. Neno lililo karibu zaidi na maana ya mchezo ni makazi. Maskani pia lafaa kwa maana yake ya asili, ila katika matumizi ya sasa limechukuliwa na vijana kuwa mahali pa kukaa na kupiga soga, na Zanzibar limekuwa kituo cha wafuasi wa chama.

Uzito zaidi umo katika majina ya watu. Kiingereza kina neno moja kwa yule anayehama na kukaa katika koloni, na neno hilo laweza kutamkwa bila hisia. Kiswahili kina matatu, na hakuna mawili yaliyo sawa. Mlowezi latokana na kitenzi lowea, yaani kuhamia mahali pa ugenini na kukaa hadi pakawa makao ya kudumu. Kitenzi hiki hakina lawama ndani yake. Mngazija aweza kulowea Zanzibar, na Mhadhrami akalowea Lamu. Setla, wingi wake masetla, ni neno la Kenya: mtu mwenye shamba kubwa katika nyanda za juu, na ardhi ambayo kabla yake ilikuwa ya wengine. Mkoloni ni mtawala au mwenye fikra za kutawala. Laweza kumhusu mtu asiyewahi kumiliki hata kiwanja, na siku hizi hutumika hata kwa bosi mwenye amri nyingi.

Mtafsiri akichagua mlowezi, mchezo utasomeka kama hadithi ya uhamiaji. Akichagua setla, mchezaji wa Nairobi atajua mara moja amekaa upande gani wa uzio. Akichagua mkoloni, mchezo utageuka kuwa mashtaka, na huenda mchezaji akaufunga kabla ya merikebu kufika pwani. Hakuna kati ya machaguo hayo lililo tafsiri mbaya kisarufi. Hata hivyo, chaguo la mlowezi ndilo linalofaa zaidi, kwa sababu mchezo wenyewe haumtangulii mchezaji kwa hukumu, na si kazi ya mtafsiri kuiingiza. Ila yafaa achague huku akijua kwamba ameacha setla mlangoni.

Upande wa pili wa uzio mambo huwa magumu zaidi. Jina la Kiingereza la mtu aliyekutwa mahali humtambulisha kwa kuzaliwa. Kiswahili husema mwenyeji, na neno hili limejengwa juu ya -enye, shina la kumiliki. Mwenyeji ni mwenye mahali. Tena mwenyeji ana mwenzake wa lazima, naye ni mgeni, na baina yao kuna haki na wajibu ambao kila msemaji wa Kiswahili amelelewa nao. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika Colonization mlowezi aweza kupelekwa kukaa katika kijiji cha wenyeji ili afunzwe kulima tumbaku au kuwinda manyoya, naye hutoka huko akiwa fundi. Methali yatimia neno kwa neno. Lakini baadaye mgeni huyo huyo hurudi na bunduki, na jembe likabaki mkononi mwa mwenyeji. Kwa lugha za Ulaya, mabadiliko hayo ni hatua ya pili ya mchezo. Kwa Kiswahili, kwa sababu ya jozi ya mgeni na mwenyeji, ni uvunjaji wa adabu kabla ya kuwa vita. Mtafsiri hahitaji kuongeza neno. Msamiati umekwisha kusema.

Uhuru upi?

Tatizo kubwa kuliko yote limo katika neno linalomaliza mchezo. Mchezaji hutangaza uhuru, hupigania uhuru, hushinda kwa uhuru. Hapana neno jingine la kawaida la Kiswahili kwa jambo hilo, na ndiyo maana yafaa lichunguzwe.

Neno uhuru lina tabaka. La chini kabisa ni la mtu mmoja: huru ni asiyekuwa mtumwa. Kitabu cha James Mbotela, Uhuru wa Watumwa, kilichotoka mwaka 1934, chatumia neno kwa maana hiyo, na mwandishi wake alikuwa wa Frere Town, makazi ya watumwa walioachwa huru karibu na Mombasa. Ukoo huo huo wa Mbotela ndio uliotoa jina la mtaa wa Nairobi uliokwisha kutajwa. Tabaka la pili ni la taifa, na kilele chake ni tarehe 12 Desemba 1963. Katika mitaa ya Mashariki tabaka zote mbili zimeandikwa katika ramani: mtu aweza kutembea kwa miguu kutoka Mbotela hadi Uhuru, na njiani asikose kupita nyumba ambazo wakaaji wake walikusanywa na askari mwezi Aprili 1954, katika msako ulioitwa Anvil, wakapelekwa vizuizini Lang'ata, Mackinnon Road na Manyani.

Mchezo waleta tabaka la tatu: uhuru wa walowezi dhidi ya mfalme wao, ambapo wenyeji si washiriki bali ni sehemu ya mandhari. Kwa Mmarekani hakuna ajabu. Ndivyo nchi yake ilivyopatikana. Kwa Mkenya huu ni uhuru ambao babu zake waliuogopa. Walowezi wa Kenya, wakiongozwa na watu kama Lord Delamere, walidai kwa miaka mingi wajitawale wenyewe. Mwaka 1922 na 1923, walipohofia kwamba serikali ya London ingewapa Wahindi haki sawa za kupiga kura, walipanga hata kumteka nyara gavana. London ikajibu kwa waraka wa mwaka 1923, unaojulikana kwa jina la Devonshire, uliosema kwamba maslahi ya Waafrika ndiyo yatangulie. Mengi yaweza kusemwa juu ya jinsi waraka huo ulivyotekelezwa, au tuseme usivyotekelezwa. Lakini uliziba njia ya walowezi kujitangazia dola. Waliofanya hivyo ni wenzao wa Rhodesia, tarehe 11 Novemba 1965, na Afrika Mashariki yote ilikiita kitendo kile uasi, si uhuru.

Kwa hiyo mchezaji wa Bahati anayemaliza mchezo kwa ushindi amefanya, kwa kanuni, kile alichokifanya Ian Smith. Na lugha yake yampongeza kwa neno la Jomo Kenyatta. Ni vigumu kupata mfano bora zaidi wa neno lililofasiriwa sawasawa na kusema kinyume. Njia moja ni kutumia kujitawala, neno baridi zaidi, linalotaja mamlaka bila kutaja ukombozi. Wanaopinga njia hiyo wana hoja: mchezo wenyewe wataka shangwe, na kujitawala halina shangwe. Lakini kama lugha inakataa kushangilia jambo fulani, pengine haifai kulazimishwa.

Neno mzalendo lina tatizo la jamaa hiyo hiyo. Mchezo huwagawa walowezi katika wanaomtii mfalme na wanaotaka kuasi, na hawa wa pili ndio wanaosifiwa. Kuwaita wazalendo ni kuwaazima jina ambalo katika Kiswahili humwendea kwanza mtu aliyezaliwa katika nchi. Waasi ndilo jina lao halali, nalo lina faida ya kuwa kweli.

Kodi nayo haikosi lake. Mfalme anapoipandisha, mchezaji aweza kukataa. Basi walowezi huitupa bidhaa fulani baharini, na tangu hapo bidhaa hiyo haiuziki Ulaya mpaka malimbikizo yalipwe. Ni kitendo cha furaha, kilichoigwa kutoka Boston mwaka 1773. Nairobi nayo ilipata kuikataa kodi. Mwezi Machi 1922 watu walikusanyika mbele ya kituo cha polisi kudai Harry Thuku aachiliwe, yeye aliyekuwa amepinga kodi, kipande na kazi ya shuruti, na wakapigwa risasi. Kodi ya mchezo hutozwa mlowezi ili mfalme atajirike. Kodi ya Kenya ilitozwa mwenyeji ili alazimike kumfanyia kazi mlowezi. Neno ni lile lile.

Kimeteketea, kimeteketezwa, umekiteketeza

Juu ya msamiati limekwisha kusemwa la kutosha. Sarufi nayo ina sehemu yake, tena huenda ni kubwa zaidi. Michezo hii humpa mchezaji taarifa fupi fupi kwenye kioo: kijiji kimeharibiwa, kabila limetoweka, makazi yamepanuka. Kiingereza cha taarifa hizo hupenda kumficha mtenda. Kiswahili chaweza kumficha pia, lakini chadai kwanza kijulikane afichwe kiasi gani.

Chukua kitenzi teketea. Kijiji kimeteketea hakina mtenda kabisa. Huenda ni radi, huenda ni moto wa jikoni. Kijiji kimeteketezwa kina mtenda asiyetajwa, lakini yupo, na msikilizaji ana haki ya kuuliza ni nani. Umekiteketeza kijiji kina mtenda na kimemnyoshea kidole. Na ndivyo ilivyo kwa vunjika, vunjwa na vunja, au bomoka, bomolewa na bomoa. Unyambulishaji wa kauli ya kutendeka umefunzwa katika kila darasa la sarufi kama jambo la umbo. Hapa ni jambo la ushahidi.

Mitaa ya Mashariki yalijua jambo hili zamani. Kusema kwamba Pangani ilibomoka ni kosa la historia kabla ya kuwa kosa la sarufi, Pangani ilibomolewa. Vivyo hivyo kwa vibanda ambavyo manispaa imekuwa ikivivunja kwa vizazi kadhaa: havikuvunjika. Mtafsiri wa mchezo atakayeandika kimeteketea, kwa kuwa ndilo umbo fupi na latosha katika kisanduku kidogo kwenye kioo, atakuwa amemwondolea mchezaji jambo ambalo hata mchezo wenyewe, kwa kuzipunguza alama zake, hukiri kwamba ni lake. Umbo la kutendwa ndilo la chini kabisa linaloweza kukubalika. La kutenda ni bora, maana wachezaji wenyewe, wanaposimuliana, huitumia nafsi ya kwanza pasipo haya: nimejenga, nimeteka, nimemla. Ndivyo wasemavyo wa bao na wa drafti pia, ambao kwao kula kete ya mwenzako ni fahari.

Msamiati wa kutawaliwa

Inapofika kwenye mambo ya mji, Kiswahili sanifu na Sheng huachana njia. Chimbuko la Sheng katika mitaa hii limejadiliwa na Alamin Mazrui (1995), na Mohamed Abdulaziz na Ken Osinde (1997), na kwa upana na Chege Githiora (2018), na si lengo hapa kuurudia mjadala huo. Linalohusu ni kwamba Sheng ina msamiati uliokomaa wa utawala wa mji ulioangaliwa kutoka chini. Kanjo ni baraza la mji na hasa askari wake. Neno lilitokana na baraza la manispaa la zama za ukoloni, likalihudumia baraza la jiji lililofuata, na hata baada ya baraza hilo kuondoka mwaka 2013, serikali ya kaunti iliposhika mahali pake, kanjo limebaki. Gava ni serikali. Keja ni nyumba ya mtu, na yasemwa limetokana na neno la Kiingereza la kizimba, jambo ambalo likiwa kweli halihitaji maelezo kwa aliyewahi kuviona vyumba vya kitanda kimoja kimoja. Ploti ni ua wenye vyumba vingi vya kupangisha, si kiwanja kitupu.

Mchezo wa kujenga makazi una ukumbi wa mji, ghala, forodha, karakana na boma. Kwa Kiswahili sanifu vyote vina majina, tena mazuri. Lakini hakuna hata moja lililoangaliwa kutoka chini. Yote ni maneno ya anayepanga. Mchezaji wa Buruburu anayeiita ukumbi wa mji kanjo atakuwa anafanya mzaha, na mzaha huo ni maoni. Amekaa juu ya kiti cha mpangaji huku akizungumza lugha ya anayepangiwa. Wanaopendelea Kiswahili sanifu peke yake katika programu za kompyuta wana sababu nzuri, kwani Sheng hubadilika haraka na mtu wa Tanga au Kigoma hataielewa. Hata hivyo, ni vyema watambue kwamba usanifu una mahali pa kutazamia, na mahali hapo si pa kila mtu.

Nafasi ya Kiswahili katika michezo yenyewe imekuwa ya ajabu. Wimbo wa kufungulia Civilization IV, uliotolewa mwaka 2005, ni Baba Yetu wa Christopher Tin, ambao maneno yake ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Mwaka 2011 ulipata tuzo ya Grammy, wa kwanza kuipata kati ya nyimbo zilizotungwa kwa ajili ya mchezo wa kompyuta. Mamilioni ya watu wamekisikia Kiswahili hapo kwa mara ya kwanza. Lakini ndani ya mchezo huo haimo dola ya Waswahili miongoni mwa madola ambayo mchezaji aweza kuyachagua: lugha yaimba mlangoni, na wenyewe hawamo nyumbani. Mwaka 2022 mchezo mwingine, Humankind, uliongeza Waswahili na Wamaasai katika orodha ya staarabu zake za Afrika. Hapo angalau mwenyeji amepewa kiti, ijapokuwa Kiswahili hakimo miongoni mwa lugha za amri na taarifa zake.

Atakayeanza kuitafsiri FreeCol, basi, hatakuwa na upungufu wa maneno. Makazi kwa kila kijiji kinachojengwa, koloni kwa nchi nzima. Mlowezi kwa anayehama, mwenyeji kwa aliyekutwa. Mwasi, wala si mzalendo. Kauli ya kutenda inapojulikana aliyetenda. Yote hayo yaweza kukubaliwa katika kikao kimoja. Litakalokifanya kikao kichelewe ni kile kitufe cha mwisho, cha kutangaza, chenye nafasi ya neno moja tu.